Koti Lina Afya Njema

Jumanne, 8 Julai

Uji. Foleni ya dawa. Fungua mdomo, inua ulimi, meza, haya, anayefuata. Baridi ya kukata masikio. Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita, umejifunika gubigubi kama sisi.

Matroni ametangaza kwamba wiki ijayo watu wa lishe wanakuja kutoka wilayani kutupima. Uzito, urefu, unene wa mkono. Wanataka kujua nani anakonda na nani ananenepa kupita kiasi. Kasema mgonjwa wa akili mwili wake husahaulika. Hapo kasema kweli. Humu ukiulizwa habari unaulizwa habari za kichwa tu, kama vile kichwa hakijakaa juu ya kitu.

Mimi sihitaji mizani. Nimeuza suruali za mtumba sokoni Kwa Mrombo miaka na miaka, kabla kichwa changu hakijaanza kupanda na kushuka. Mteja akikaribia turubai langu, nimeshajua kiuno chake. Mwanaume atakudanganya umri, atakudanganya mshahara, atakudanganya mke. Kiuno hawezi. Ndiyo maana hapa kituoni wote wananiita Mama Mitumba, hata Matroni.

Sasa basi. Kiuno cha Lomayani kimekwenda.

Krismasi suruali yake ya kaki ilimkaa. Leo ameikaza kwa kamba ya katani, imejikunja kiunoni kama mdomo wa gunia. Lomayani ni Mwarusha wa upande wa machweo wa mlima. Mtu mzima, mvi zimeanza, ila akili haikukua na mwili tangu utotoni. Maneno yake machache. Mimi ananiita Yeyo, ndiyo mama kwa Kimaasai. Anachunga mbuzi wachache wa kituo kama vile ni boma zima. Hana kelele. Na asiye na kelele humu anaweza kuisha kama sabuni, mtu asijue.

Alhamisi, 10 Julai

Nimehamia benchi la karibu na dirisha. Nikasema ni kwa ajili ya jua. Jua lenyewe halipo, lakini hakuna aliyeuliza. Faida ya kuitwa kichaa.

Kutoka hapo naona meza ya wanaume yote.

Baada ya Pasaka wafadhili walituletea sahani za plastiki zenye vyumba vitatu, kila sahani ina jina la mwenyewe. Kabla ya hapo wanaume walikula kwenye masinia, kundi kwa kundi. Matroni alifurahi sana. Usafi. Na kila mtu itajulikana amekula nini. Masinia yakapelekwa stoo, yakafungiwa.

Leo makande. Lomayani kanawa vizuri. Kapokea sahani. Kakaa. Hakugusa. Kaangalia kulia, kaangalia kushoto, anangoja kitu, sijui nini. Kisha kaisukuma sahani taratibu mpaka kwa Mwalimu, jirani yake mezani. Mwalimu kaimaliza yote. Nadhani kinachomshikilia Lomayani ni uji wa asubuhi, ule wanaume wanaounywa pamoja nje uani.

Sahani yenye jina la Lomayani ikarudi jikoni nyeupe kama imetoka dukani. Nesi Baraka kaandika: amemaliza.

Nilimfuata. Kijana mzuri, ana adabu, hasahau shikamoo. Nikamwambia huyu Lomayani hali chakula. Kanijibu, "Mama, sahani imerudi tupu." Nikamwambia hata sahani ya mbwa hurudi tupu. Kacheka. Akaenda zake.

Ijumaa, 11 Julai

Nimembana Mwalimu nyuma ya tangi la maji.

Mwalimu alifundisha shule ya msingi mjini, akikaa mtaa wa Levolosi. Watu wakaanza kumsema ukutani, akaanza kuwajibu. Sasa hawamsemi tena, lakini dawa zimemfungua tumbo. Ana njaa ya asubuhi mpaka asubuhi. Mashavu yamejaa, miguu imejaa. Ndugu zake wakija wanapiga makofi: umenawiri! Hata mimi ndugu zangu wanasema hivyo hivyo. Sijanawiri. Nimevimba. Ila kwetu Umeruni mtu aliyekonda ndiye anayeulizwa anaumwa nini. Aliyenenepa anapongezwa mpaka siku ya mazishi.

"Unamla Lomayani," nikamwambia.

"Mama, ananipa mwenyewe. Nimemwomba mimi?"

"Na wewe unapokea."

"Nikatae riziki? Na mimi ni mgonjwa, mama. Ugonjwa wangu ni huu." Akapiga tumbo.

Na ni kweli. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya mizani. Zamu ya wanaume.

Matroni asubuhi kafungua robota la makoti ya msaada. Wageni wanakuja, wasije wakasema tunawagandisha watu. Wanaume wakavalishwa. Lomayani kapewa koti la sufu linalofika magotini. Ndani yake sweta. Ndani ya sweta shuka lake jekundu, maana halivui. Chini buti za mvua zenye udongo wa zizini. Katembea mpaka barazani kama kabati linalohama.

Akapandishwa kwenye mizani hivyo hivyo.

Afisa lishe ni binti, wanamwita Dada Upendo. Ana miwani na mafua. Kasoma namba, kaangalia ya Februari, kasema hajapungua kitu. Utepe wa kupimia mkono wakamzungushia juu ya sweta. Utepe una rangi, kijani mzima, njano wasiwasi, nyekundu hatari. Kijani.

Koti lina afya njema. Sweta nayo haina utapiamlo.

Yakaja maswali. Anakula? Kajibu Matroni: anakula vizuri, sahani zinarudi tupu. Amekosa hamu karibuni? Kajibu Matroni: huyu? anachunga kutwa. Lomayani mwenyewe alikuwa anamtazama mbuzi aliyepanda ngazi.

Nikashindwa. Nikapaza sauti kutoka dirishani, "Binti, huyo umempima na nguo za ukoo mzima! Februari walipimwa na fulana!"

Dada Upendo kageuka. Hakukasirika. "Mama, baridi hii nikiwavua wakapata nimonia nitajibu nini?"

Matroni kaniambia nikakae. Kwa sauti ile ya kubembeleza. Naijua. Baada yake huja sindano.

Mtu mwenye akili timamu akikasirika, amekasirika. Mimi nikikasirika, dozi ilikuwa ndogo.

Nimekaa. Nimekaa kwa leo.

Jumatano, 16 Julai

Zamu ya wanawake. Nimevaa kila kitu nilichonacho. Koti, sweta mbili, kanga tatu, soksi mbili mbili, buti. Kilemba juu. Nilikuwa na upana wa mlango.

Nikapanda mizani. "Soma," nikamwambia Dada Upendo. Kasoma kwa sauti.

Nikashuka. Nikavua koti, nikamkabidhi Matroni, akalipokea bila kufikiri. Nikapanda. "Soma." Kasoma. Nikashuka. Nikavua sweta. Nikavua na nyingine. Buti. Kanga moja, ya pili, ya tatu. Kila mara napanda, kila mara namwambia soma. Namba inashuka kama inateremka mlimani.

Nikabaki na gauni. Nikashika kifungo cha juu.

Hapo Matroni kapiga ukelele. Wanaume waliokuwa uani wakageuza nyuso ukutani, na wapishi, na mlinzi. Mama wa umri wangu akivua nguo mbele ya watu huku kwetu si mchezo. Ni laana, na haichagui inampata nani. Na mimi nilijua wanajua.

"Nifungue?" nikauliza. "Au mtampima Lomayani kama mtu?"

Dada Upendo kavua miwani, kaifuta, kairudisha. Akasema polepole, "Mwiteni huyo kaka. Ndani, chumba cha sindano. Washeni jiko la mkaa kwanza, kipate joto."

Wakamwingiza. Baraka alimvua. Nilikuwa mlangoni, nasikia. Koti, sweta, buti, vinadondoka sakafuni. Kisha sauti ya Baraka: "Yesu wangu."

Utepe juu ya ngozi. Nyekundu.

Nimeshinda. Nikaenda kuvaa.

Ijumaa, 18 Julai

Sindano. Jumatano ileile jioni. Wameandika nina msisimko.

Ulimi mzito. Mkono mzito. Naandika kama natembea kwenye tope.

Hata hivyo nimeshinda.

Jumapili, 20 Julai

Sijashinda.

Lomayani sasa ni mgonjwa wa hatari, kwa hiyo anaangaliwa. Wamempa chumba kidogo pembeni ya duka la dawa. Meza moja, kiti kimoja, sahani yake yenye jina. Chakula cha peke yake: mayai, maziwa, parachichi, uji wa lishe wenye karanga. Mlango unafungwa ili Mwalimu asimkaribie. Baraka anakaa nje ya dirisha na kuandika anachokula.

Anaandika: hajala.

Mchana: hajala. Jioni: alinawa, hakula.

Nilimwona akitolewa. Kanipita bila kuniita Yeyo. Mimi ndiye niliyewafanya wamwone. Sasa wanamwona anavyokwisha. Nina hasira na wao, na mizani, na mimi.

Jumatano, 23 Julai

Wamejaribu kumlisha kwa kijiko. Kafunga mdomo. Hapigi, hatukani. Anafunga tu, kama mlango wa mtu aliyelala. Baraka ametoka na uji kifuani na machozi machoni.

Baraka kaniachia niingie nijaribu. Nilidhani ni meno. Nikamwambia afungue kinywa, nikaona yote mazuri kuliko yangu. Nikadhani anaogopa sumu. Nikala parachichi mbele yake, nusu, nikampa nusu. Kaipokea. Kaishika kwa heshima. Kisha kanirudishia mkononi, kavifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Hakuogopa. Alikuwa ananisamehe kitu. Sijui nini.

Basi mimi na ujanja wangu wote wa kuangalia watu, sijui.

Matroni kasema mbele yetu sote: mpaka Jumatatu. Asipokula, gari linamchukua saa sita mchana, rufaa ya hospitali kubwa. Huko watampitishia mpira puani. Ni mbali, safari ya kutwa nzima. Hakuna atakayejua lugha yake. Hakuna mbuzi. Tumeshamwona mmoja akienda huko akiwa amekonda kuliko huyu kidogo tu. Kilichorudi ni taarifa.

Matroni hakusema kwa ubaya. Macho yalikuwa mekundu. Anakaa Njiro, ana nyumba yenye ukuta na maua, angeweza kurudi mapema. Siku hizi harudi mapema. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimemsamehe.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemwomba Matroni awaite ndugu zake Lomayani. Kasema simu iliyoandikwa kwenye faili haipatikani, na tusiwatishe watu.

Mimi nataka watu watishwe.

Mama anayetuletea maziwa anatoka upande ule ule, boma lao linaonekana kutoka boma la kina Lomayani. Nilimngojea getini. Nikamwambia, mwambie dada yake kaka yake anakufa, aje kabla ya Jumatatu. Nimetia chumvi kidogo. Ujumbe usio na chumvi unafika umeoza.

Mlinzi aliniona. Kageukia ukuta. Nadhani bado anaogopa kile kifungo cha gauni.

Jumapili, 27 Julai

Kaja.

Anaitwa Namnyaki. Mwembamba, mrefu, buti za kiume, shanga masikioni, kibuyu cha maziwa mgongoni. Katembea sehemu kubwa ya njia. Kaingia moja kwa moja hajamsalimu mtu, na mtu wa kwao asiposalimia ujue kuna moto.

"Yuko wapi marehemu?" kauliza.

Nikasogea nyuma kidogo.

Wakampeleka kwenye chumba kidogo. Ilikuwa saa ya kula. Kamkuta kaka yake amekaa mbele ya sahani, mlango umefungwa, Baraka dirishani na kalamu. Kisha kamgeukia Matroni.

"Nani kasema ale peke yake?"

Matroni kaeleza. Uangalizi, kipimo, hatari.

"Peke yake," Namnyaki karudia. "Mmemfungia ale peke yake. Fisi ndiye anakula hivyo, mama. Huyu ni morani."

Matroni kasema, kwa upole, dada, kaka yako ana mvi.

Ndipo kaeleza. Kwao kijana akishatahiriwa na wenzake, hali bila mwenzake. Hata maziwa hanywi peke yake. Na mbele ya wanawake hatii chakula mdomoni. Wanakaa hivyo mpaka siku rika lao linafanyiwa sherehe ya kufunguliwa, ndipo mwanaume anaweza kula nyumbani kwake, peke yake, mkewe akimwona. Wenzake Lomayani walishafunguliwa zamani. Wana wake, wana wajukuu.

"Yeye siku ile alikuwa huku kwenu," kasema. "Hakuna aliyemfungua. Mnadhani hajui? Hajui kuhesabu. Hilo analijua."

Nikakumbuka nusu ya parachichi. Mwanamke mzima namtafunia morani mbele ya macho na kumsukumia mdomoni. Alinisamehe kweli.

Baraka kauliza, mbona alikuwa anakula zamani?

"Mlikuwa mnampaje?"

Sinia. Wote tukasema pamoja. Sinia, na wanaume wanne, na wanawake tuko mbali upande wetu, mgongo kwa mgongo.

Mwalimu alikuwa amejipenyeza nyuma ya watu. Kasema, kama mtoto anayejitetea, "Lakini alikuwa ananipa sahani yake mwenyewe. Kila siku."

Namnyaki kamtazama kutoka juu mpaka chini. Kulikuwa na mengi ya kutazama.

"Alikuwa anakukaribisha," kasema. "Mle pamoja. Wewe ukala."

Mwalimu karudi nyuma ya watu. Katoka. Nimemwona nyuma ya tangi la maji, amekaa chini, mikono juu ya kichwa.

Nilidhani yameisha. Hayajaisha. Matroni kasema ameelewa, na pole, lakini karatasi za rufaa zimeshakwenda na gari limeshapangwa. Na mgonjwa wa hatari lazima ijulikane amekula kiasi gani. Kwenye sinia la watu watano nani atajua tonge la nani? Akifa na sinia mbele yake, ataulizwa yeye, si mimi wala dada yake. Kasema hawezi kutibu kwa mila.

Namnyaki kajibu, "Sasa unajua amekula kiasi gani? Hakuna. Umeandika vizuri sana. Umemtibu?"

Matroni kaingia ofisini, kafunga mlango. Funguo za stoo anazo yeye.

Namnyaki kalala kwa mama wa maziwa. Mimi nimepewa vidonge viwili badala ya kimoja. Kimoja nimekimeza. Kingine kimeingia kwenye maua.

Jumatatu, 28 Julai

Naandika upesi, kabla dawa ya usiku haijaniwahi.

Gari lilifika kabla ya chakula. Jeupe, lina kitanda. Dereva kaegesha chini ya mgomba, anasikiliza redio. Lomayani yuko chumba kidogo, amevalishwa koti la safari. Sahani mbele yake.

Bwaloni tukapewa ugali na maharage. Wanaume wamekaa, hawali. Niliwapitia asubuhi mmoja mmoja kwenye foleni ya dawa. Wengine walielewa. Mmoja alidhani ni maandamano ya chama chake, nikamwacha aamini hivyo, cha msingi aje.

Stoo imefungwa. Mpishi kasema yeye haoni, hasikii, ila mfuniko wa lile sufuria kubwa la ugali umewekwa hapo juu ya kinu, na umeoshwa. Kisha kageuka kukatakata vitunguu ambavyo havikuwepo.

Mwalimu kasimama. Kachukua mfuniko. Kamwaga ugali wake juu yake, wote, na maharage yote. Mwalimu! Kakung'uta sahani mpaka punje ya mwisho. Wengine wakamwaga. Wanaume watano wakatoka bwaloni wamebeba mfuniko mmoja kama jeneza, wakavuka ua.

Matroni alikuwa mlangoni mwa chumba kidogo.

"Mnakwenda wapi?"

"Tumealikwa chakula," kasema Mwalimu. Sauti ile ya darasani, sijawahi kuisikia. "Tumechelewa sana, Matroni. Tupishe."

Baraka alikuwa pembeni. Kanitazama mimi, kamtazama Matroni. Kisha kaingia ndani, katoa kiti nje. Katoa na meza. Karudi, kakaa sakafuni.

Nikasema, "Matroni, mwite mlinzi. Mwite na mwenye sindano. Anzeni na mimi." Nikasimama katikati ya ua. Wanawake wenzangu wakaja wakasimama nyuma yangu, hata wale ambao hawajui leo ni siku gani. Namnyaki alikuwa getini, mikono kiunoni.

Sijui Matroni alifikiria nini. Aliangalia gari. Aliangalia sahani yenye jina, uji umeshaota ngozi juu. Kasogea hatua moja pembeni. Hatua moja ilitosha mfuniko kupita.

Nikakimbilia dirishani. Lazima nione. Kuona ndiyo kazi yangu.

Wamekaa chini, duara. Lomayani anawatazama mmoja mmoja. Baraka kapitisha maji ya kunawa. Mwalimu kakata tonge, hakula, kangoja. Lomayani kateremsha koti mabegani. Kakata tonge. Kalichovya. Mkono unapanda. Ukasimama.

Kaniona.

Hakukunja uso. Kangoja tu, tonge hewani, na kila mtu ndani kageuka kunitazama.

Nyuma yangu Namnyaki kasema kwa sauti ya chini, "Yeyo. Toka hapo."

Nimewatazama watu maisha yangu yote. Sijawahi kuombwa kuacha na mtu mwenye haki hiyo. Nikainama, nikaondoka dirishani, nikakaa chini, mgongo ukutani. Matroni kaja kakaa pembeni yangu kwenye nyasi, na sketi yake nyeupe. Tukasikiliza ukuta. Vidole kwenye bati. Mtu kakohoa. Mtu kacheka. Vidole kwenye bati.

Baraka alipotoka hakuwa na kalamu. Kasema, "Amekula." Matroni kamuuliza kiasi gani, mazoea hayafi. Kasema, "Kama sisi."

Matroni kanyanyuka, kajipangusa. Kamwendea dereva. Kamwambia aje anywe chai, kisha arudi mjini.

Jumatano, 13 Agosti

Mvua ya manyunyu. Mgomba mmoja umeanguka nyuma ya jiko.

Dada Upendo alikuja asubuhi. Kampima Lomayani ndani, na fulana, jiko likiwaka. Utepe umetoka kwenye nyekundu, sasa uko njano. Kasema ni polepole, na ni lazima iwe polepole, mwili uliokaa na njaa haujazwi kwa pupa. Masinia yamerudi, na uji wa lishe kaagiza upikwe wa kundi zima, kwa hiyo wote wanaunywa. Mwalimu kamwuliza kama yeye uji huo utamzidishia unene. Wamezungumza muda mrefu juu ya tumbo lake. Ameahidiwa daktari ataangalia dawa zake.

Dawa zangu hazijapunguzwa. Kwenye faili bado nina msisimko. Nimemwambia Matroni nitaendelea kuwa nao. Kasema anajua.

Namnyaki kasema wazee wa kwao watakaa wazungumze kama wanaweza kumfungua mtu mmoja, baada ya rika lote kupita. Haijawahi kutokea. Watakaa tu, kasema. Kukaa wanaweza.

Mchana ulikuwa loshoro, mahindi na maziwa mgando. Wanawake tumegeuza mabenchi, tunatazama nje. Wageni wa wilayani wakatuuliza kwa nini tunakula tumegeukia dirisha. Hakuna aliyewajibu. Mdomo ulikuwa na kazi.

Mlima ulitoka kidogo kwenye wingu, nusu ya bega, ukarudi.

Nyuma yangu Mwalimu kasema, "Polepole basi, Lomayani. Na mimi sijashiba."

Sikugeuka.